Mukwe Asiye na Viza

Mwaka ule Katanga ilikuwa nchi. Usicheke. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na stempu za posta, ilikuwa na polisi wa uwanja wa ndege waliovaa kofia mpya. Kitu ilichokosa ni nchi ya pili ya kuiitikia hodi. Na bado, ukitua Luano, hata kama unapita tu kwenda zako, uliombwa viza ya Katanga. Ukiuliza viza hiyo ingepatikana wapi huko Usumbura ulikotoka, polisi alikukazia macho kana kwamba umemtukania mama yake, kwa sababu huko Usumbura haikupatikana popote.

Mama Constance wa Ruashi hakuwa na habari na mambo hayo. Yeye Jumapili ile alikuwa na kuku wa kuchinja.

Telegramu ilikuwa imekuja Ijumaa. Binti yake Delphine, pamoja na mumewe na mtoto wao, wangepita Lubumbashi. Ndege yao ingesimama Luano saa chache, kisha iendelee Ndola, ambako mume alikuwa amepata kazi ya ufundi wa magari. Kutoka Luano hadi Ruashi ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Constance alipiga hesabu yake haraka: watashuka, watatembea, watakula, watarudi. Tangu Ijumaa hiyo hakukaa chini. Alifagia ua, akapaka ukuta wa mbele chokaa, akafagia tena.

Usimwone mwenda wazimu. Mjukuu huyo alikuwa ameshaota meno na bibi yake hajamshika hata siku moja. Walimwita mtoto Liévin, jina la babu yake, marehemu mume wa Constance, aliyefanya kazi ya reli mpaka mapafu yakamshinda. Na mukwe ndiye jambo zito zaidi. Delphine alikwenda Usumbura kukaa kwa mjomba wake, akapata mchumba hukohuko, mjomba akapokea mahari, padri akafungisha ndoa. Constance hakuwahi kumlisha mukwe wake. Kwa watu wa mto Luapula, kwao Constance, mama mkwe na mukwe hawatazamani usoni, hawazungumzi, hawali pamoja, wakikaribia kukutana njiani mmoja anaingia majanini. Inakuwa hivyo mpaka siku mama anapopika, anatandika mkeka, mshenga anamleta mukwe akiwa amefunikwa kichwa, na mama anamlisha tonge la kwanza kwa mkono wake. Huko ndiko kumwingiza mukwe. Kuanzia hapo si mukwe tena wa kukimbiwa, ni mtoto wa nyumba.

Naye Constance alikuwa mtu wa kushika desturi kwa meno. Picha ya harusi ilipofika kutoka Usumbura, aliitundika ukutani, lakini upande wa bwana harusi akaufunika kwa picha ya Bikira Maria. Basi kwa mgeni ilionekana kama Delphine ameolewa na Mama wa Mungu.

"Siku moja utakanyaga mukwe yako mu soko, hautamujua," jirani yake Annie alimwambia, akinyonyoa kuku.

"Nyonyoa kuku, Annie."

"Miye nasema tu."

"Na miye nasema nyonyoa."

Walipika bukari nyeupe, ugali wa huko, sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa na karanga, samaki wa Kasenga kando ya Luapula wa kukaushwa kwa moshi, maboga, na kibuyu cha munkoyo uliochachuka vizuri. Kuku alipikwa mzima kwenye nyungu mpya ya udongo, na ndani yake, juu kabisa, Constance akaweka firigisi. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Tangu Liévin wake afe, ya nyumba ile ilikuwa ikiliwa na paka.

Ndege ikapita juu ya paa la Ruashi, kubwa, ikinguruma, watoto wa mtaa mzima wakaikimbilia. Constance aliruka kama msichana. Akamtuma Annie, ambaye hakufungwa na desturi yoyote, aende Luano kuwapokea. Yeye akavaa kitambaa cheupe kichwani, akatandika mkeka, akangoja.

Annie alirudi peke yake, mbio, viatu mkononi.

"Banawafungia," alisema, akishika mbavu. "Habana viza. Polisi anasema hata kama bantu bazaliwe hapa, karatasi yao ni ya koloni, na koloni imekufa. Banakaa mu chumba ya bantu ya kupita mpaka ndeke iondoke. Kutoka, hapana."

"Delphine amezaliwa hapa. Mukwe ni muntu ya Kasenga. Kasenga si Katanga?"

"Nilimwambia. Akasema hiyo mambo ya siasa."

 Constance akakunja mkeka. "Kama mukwe haji ku nyumba," alisema, "nyumba itaenda ku mukwe. Beba bukari."

Ndivyo karamu nzima ilivyoondoka Ruashi kwa miguu. Annie alitangulia na bukari, sombe, samaki, maboga na sahani, Constance nyuma na nyungu kichwani, mkeka kwapani, kibuyu mkononi. Walipita watu wanaotoka misa ya pili, na kila aliyeuliza "Kuna nini?" alijibiwa "Kuna mukwe," na wakaendelea. Moyo wa Constance ulikuwa ukidunda mpaka aliogopa utaangusha nyungu.

Luano palikuwa na askari wa ONU, jeshi la Umoja wa Mataifa, wenye kofia za buluu, wamelala chini ya bawa la ndege yao, na palikuwa na mlango mmoja wa bati uliolindwa na polisi mmoja mnene wa Katanga. Jina lake Rigobert. Alikuwa ameshamwona Annie mara moja siku hiyo na hakufurahi kumwona tena.

"Mama, nilisema. Kutoka hapana, kuingia hapana."

Annie akaweka bukari chini na kuanza kazi ambayo Mungu alimwumbia, yaani kubishana. Lakini Constance hakuweza kusimama pale mlangoni. Mukwe alikuwa nyuma ya bati hilo, pengine hatua chache tu, na mlango ukifunguka ghafla wangetazamana ana kwa ana, na hilo ni balaa. Kwa hiyo alibeba nyungu yake akaenda mbali, mwisho kabisa wa uzio wa waya uliozunguka kiwanja kidogo cha abiria, akakaa chini, mgongo kwenye nguzo, kwenye jua zuri la mwezi wa sita.

Ndani ya uzio alikuwepo kijana mmoja. Amesimama peke yake, koti begani, viatu vimepakwa rangi mpaka vinang'aa, naye anatazama upande usio na mlango.

"Yambo, mama," alisema kijana.

"Yambo sana, mwanangu. Na weye banakufungia?"

"Njo vile. Tunangoja ndeke tu."

Constance alimpenda papo hapo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelelewa. Hata alichuchumaa, asiongee na mtu mzima huku amesimama.

"Hii chakula inanukia muzuri," kijana akasema, akitazama nyungu.

"Si yako. Ni ya mukwe yangu. Yeye iko umo ndani na binti yangu." Na kwa kuwa moyo ulikuwa umejaa tangu Ijumaa, na kijana huyu alikuwa mgeni ambaye hatamwona tena, Constance akafungua kinywa. "Nakuambia weye kwa sababu haunijue. Huyu mukwe alioa binti yangu, akakaa naye huko Usumbura, hata siku moja hakuja kula ku nyumba yangu. Anakwepa mulango yangu sawa vile kuko ndui. Miye sikatai mahari, mahari ilifika. Lakini miye nilizaa mabinti tu. Nilimuomba Mungu kijana mwanaume mpaka magoti inachoka. Sasa amenipa huyu mumoja wa kuoa, na ananikimbia."

Kijana aliinamisha kichwa. "Pengine anaogopa, mama."

"Aogope nini? Bukari?" Constance akacheka, kisha machozi yakamjia bila kuagizwa. "Tangu bwana yangu alikufa, hakuna mwanaume amekula mu nyumba yangu akasema chakula iko muzuri. Ni neno moja tu. Weye ukiingia umo ndani, ukimuona, umwambie ile neno. Umwambie sina kasirani. Nataka tu akule, na aseme."

"Nitamwambia," kijana alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Anaitwa nani, nimutafute?"

"Mwape. Fundi ya magari. Muntu ya Kasenga."

 Kijana alimtazama Constance, akatazama kitambaa cheupe, akatazama nyungu.  Halafu akachukua koti lake begani, akajifunika kichwa chote, akageuka, akakimbia. Hakuona mbele, akapiga bega kwenye nguzo, akasema pole kwa nguzo, akakimbia tena mpaka akapotelea kwenye kimlango cha choo.

Constance alivikodolea macho vile viatu vinavyong'aa mpaka vikapotea. Ndipo alipoelewa. Mukwe alikuwa amekimbia mlango ili asikutane na mama mkwe. Mama mkwe naye alikuwa amekimbia mlango ili asikutane na mukwe. Na wote wawili walikimbilia pembe moja, wakakaa pamoja, wakazungumza kama shoga na shoga, na yeye akamsema mukwe wake kwa mukwe wake.

"Yesu, Maria na Yosefu," alisema taratibu, na akajifunika uso kwa kanga, ingawa hapakuwa na mtu tena wa kumfichia.

Delphine akatokea kiwanjani mbio, mtoto kiunoni. "Mama, umemfanya nini Mwape? Amejifungia mu choo. Anasema hatoki mpaka Ndola."

 Constance alimwona mtoto. Mtoto alikuwa na paji la uso la Liévin wa reli, lilelile, pana, lenye mkunjo mmoja katikati kana kwamba anadai kitu. Akasogea kwenye waya. Matundu ya waya yalikuwa madogo, yalipitisha kidole tu. Akaingiza kidole, mtoto akakishika na kukitia mdomoni, na Constance akahisi yale meno aliyokuwa akisimuliwa. Alilia na kucheka kwa pamoja. Furaha hiyo ilimuuma, maana ilikuwa ya kidole kimoja.

Sasa tazama fundo lilivyokazwa. Serikali ilisema Mwape asitoke nje. Desturi ilisema Constance asiingie ndani alimo Mwape. Delphine hakuruhusiwa kuvuka mlango na mtoto. Na huko uwanjani walikuwa wameanza kuijaza ndege mafuta.

Constance akajifuta macho, akabeba nyungu, akarudi mlangoni kwa mwendo uliomfanya Annie, aliyemjua miaka mingi, ampishe bila kuambiwa.

"Baba Rigobert," alisema, "weye muntu ya wapi?"

"Ya Kasenga," Rigobert alijibu kabla ya kujizuia.

"Unajua kuingiza mukwe?"

Rigobert alivuta pumzi. Akatazama kushoto na kulia. Kisha ule unene wake wote ukalegea kidogo. "Mama, usiniulize ile. Miye mwenyewe sijaingizwa. Mama mukwe yangu anakaa barabara ya nyuma yangu, mu mutaa ya Kenya, hapa mujini. Kila siku nazunguka mutaa muzima kwa kuenda kazi. Ikinyesha mvua, nazunguka. Bibi yangu, ule binti yake, ananicheka."

"Basi unajua," Constance alisema. "Nimezungumza na mukwe yangu. Sikumujua, hakunijua, tulikimbiana tukakutana. Nimemwambia maneno ambayo mama haambie mukwe. Akienda vile, na hiyo aibu mu tumbo, hatarudi tena. Miye nitakufa sijamushika ule mutoto. Sikuombi umutoe mu inchi yako. Nakuomba uwe mushenga."

"Miye niko polisi."

"Mushenga njo kazi ya polisi. Anakamata mukwe, anamuleta."

Annie alipiga makofi mara moja kwa nguvu, na askari mmoja wa kofia ya buluu akaamka.

Rigobert alivua kofia yake mpya, akajikuna, akaivaa tena. "Amri inasema bantu ya kupita basitoke," alisema polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. "Kuingia ni miye nilisema." Akatoa funguo. "Nafungua mulango ya chumba. Sifungue mulango ya inchi. Na muguu ya kuku ni yangu."

"Mbili," Constance akasema.

Chumba cha abiria kilikuwa na benchi, feni lililokufa na picha ya ndege ukutani. Abiria wengine, mfanyabiashara Mgiriki na masista wawili, waliombwa kusogea, nao wakasogea kwa hamu kubwa ya kuona. Constance alitandika mkeka wake katikati ya sakafu ya saruji. "Hapa njo nyumba yangu," alitangaza. Alipanga vyungu na sahani, akapiga magoti, akageuka kutazama ukuta.

Rigobert alikwenda chooni. Kulisikika mlango ukigongwa, sauti ya mshenga ikibembeleza kwa Kibemba, halafu ikitishia kwa Kifaransa. Kisha akarudi, ameshika mkono wa mtu aliyefunikwa koti kichwani. Rigobert alikuwa amesimama wima kuliko siku yoyote ya gwaride.

"Hodi," alisema mshenga.

"Karibu," alisema Constance kwa ukuta.

"Nimeleta mukwe. Anaogopa."

"Aketi."

Delphine alimkalisha mumewe kwenye mkeka. Constance akageuka. Mikono yake ilikuwa imepika kwa ajili ya misiba na harusi za nusu ya Ruashi. Alikata tonge la bukari, akalichovya kwenye mchuzi, akainua pindo la koti mpaka mdomoni tu, akalisha. Mdomo ukatafuna. Akafunua mpaka puani, akalisha tena. Kisha akaliondoa koti lote, na hapo walitazamana kwa mara ya pili siku ile, na mara ya kwanza kwa halali. Macho ya kijana yalikuwa mekundu.

Akaichukua firigisi kwenye nyungu na kuiweka kwenye kiganja cha Mwape. Delphine alishusha pumzi kwa sauti. Alijua ilikuwa ya nani.

Mwape aliila. Na baada ya hapo akala sombe, akala samaki, akanywa munkoyo, akala kama mtu anayelipa deni la moyo. Delphine akamweka mtoto mapajani mwa bibi yake, na Constance akamnusa shingo, akamnusa kichwa, akamhesabu vidole vya miguu kama ilivyo haki ya bibi yeyote. Annie alikuwa akimlisha Mgiriki. Rigobert alikuwa kwenye mguu wake wa pili. Masista waliomba kuonja maboga.

Lakini Mwape hakusema kitu. Kila Constance alipoinua macho, kijana alifungua kinywa, akakifunga, akatia tonge. Aibu ilikuwa imemkaba. Constance alijiambia amekula, inatosha, mtu asiwe mlafi wa baraka. Akajiambia hivyo mara nyingi.

Kengele ikalia. Mzungu mmoja wa ndege akaita Ndola. Mambo yakaenda haraka: mtoto akarudi mgongoni kwa Delphine, mama na binti wakakumbatiana mpaka kitambaa cheupe kikadondoka, Rigobert akafuta mafuta midomoni na kuwa polisi tena. Constance alimkabidhi Mwape ile nyungu, na kuku aliyebaki ndani yake, kwa ajili ya njia. Mwape aliipokea kwa mikono miwili, akainama, akatoka na wenzake.

Constance na Annie walikimbilia kwenye uzio. Abiria walikuwa wakitembea kwa mstari kuelekea ndege. Delphine alifika ngazi, akageuka, akapunga. Mwape alikuwa nyuma yake na nyungu mkononi. Akaweka mguu kwenye ngazi. Akauondoa.

Kisha akatoka kwenye mstari. Alikatiza uwanja mbiombio, nyungu kifuani, akija moja kwa moja kwenye uzio. Polisi wa upande wa ndege akapuliza filimbi. Rigobert, mlangoni, alifunua kinywa kupiga kelele, halafu akageuka akaanza kuchunguza kufuli lake kwa makini.

Mwape akafika kwenye waya, anahema. Hakujifunika. Alimtazama Constance usoni.

"Mama," alisema, "nilikutana na kijana mumoja huku inje. Alinipa neno yako."

Constance alishika waya.

"Chakula iko muzuri," Mwape alisema. "Iko muzuri sana, mama. Na nyungu nitairudisha miye mwenyewe. Ku Ruashi. Ku mulango."

"Isirudi tupu," Constance alisema, maana ndivyo desturi inavyotaka.

"Hairudi tupu." Akakimbia kurudi, filimbi ikimfuata, na ngazi ilikuwa imeshaanza kuvutwa alipoirukia. Wakamsikia Delphine akimgombeza hata kwa mngurumo wa injini.

Ndege iliondoka upande wa Ndola. Wale wanawake wawili waliitazama mpaka ikawa nukta.

"Umesikia alisema nini?" Constance aliuliza.

"Nilisikia."

"Alisema mara mbili."

"Mara mbili," Annie alikubali. "Ya pili alitia na sana."

Walirudi Ruashi na sahani tupu, na kila aliyewauliza njiani alisimuliwa tangu mwanzo. Nyumbani Constance hakuvua hata kitambaa. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akamtoa Bikira Maria juu ya picha ya harusi, akambusu, akampigia msumari wake peke yake. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya picha, akamtazama mtoto wake wa kiume.

"Viatu ni vilevile," alisema.